Msiwafukuze Waulizao

Liko neno linalosemwa mara nyingi barazani, na hata katika vikao vya wazee wa kanisa, nasi hatuwezi kulinyamazia. Wako wasemao kwamba wale wajao na karatasi za maswali juu ya mambo ya unyumba, ya zinaa na ya magonjwa yake, wasipewe ruhusa ya kusema na watu wetu. Hasa wasiseme na wasichana, wala na wanawake wachuuzi wa samaki, wala na vijana wa kambi za uvuvi kule bwawani Nyumba ya Mungu. Ati kumwuliza mtu habari hizo ni kumfundisha. Ati ni kumvunjia heshima. Ati Mkristo safi hana la kuulizwa. Maneno hayo matatu twayakataa, na sababu zetu twazieleza hapa moja moja, ili kila msomaji azipime mwenyewe.

Lakini kwanza tujue ni watu gani wanaosemwa. Bwawa lile si kazi ya mababu. Lilijengwa katika miaka ya 1960 katika mto Pangani, pale Kikuletwa itokayo pande za Meru na Kilimanjaro ikutanapo na Ruvu itokayo ziwa Jipe. Lilikusudiwa kutoa umeme na kutunza maji. Lakini maji yalipotanda juu ya nyika, samaki wakaongezeka, na watu wakawafuata samaki. Hivyo katika tambarare iliyokuwa malisho ya mifugo zikazuka kambi, na kambi zikawa vijiji, na vijiji vikajaa watu wa makabila mengi.

Mvuvi hukesha majini, na alfajiri hutoka na fedha mkononi. Mke wake yu mbali, wazee wa ukoo wake wako mbali zaidi, na pombe iko karibu. Mwanamke mchuuzi hungoja ufuoni tangu giza. Asipopata perege wa kubanika hana cha kupeleka sokoni, na watoto wanamtazama. Msichana aliyeletwa kambini kupika au kuuza chakula hana mama wa kumlilia. Tena mapato ya mahali hapo hayatulii: mwaka 2016 serikali ilifunga uvuvi bwawani ili samaki wapate kuzaliana, na watu waliokula kwa wavu wakajikuta hawana kitu. Kwa ajili ya mambo kama haya mipango ya taifa ya kupigana na UKIMWI imewahesabu wavuvi na walio pamoja nao miongoni mwa watu walio karibu na hatari kuliko wengine. Maana yake si kwamba wana dhambi kuliko wengine. Maana yake wanakaa mahali penye utelezi.

Nao si wageni kwetu. Wako miongoni mwao wana wa milimani walioshuka kutafuta ada ya shule na bati la nyumba, nao hupanda tena milimani wakati wa Krismasi na wakati wa misiba. Kwa hiyo mtu wa mlimani asemaye, "Hayo ni mambo ya tambarare," asahau kwamba njia ya kushuka ndiyo njia ya kupanda.

Sasa tulijibu neno la kwanza, kwamba kuuliza ni kufundisha uovu. Kama neno hili lingekuwa kweli, basi mkulima amwulizaye jirani yake kama ameona viwavi shambani angekuwa ndiye aliyeleta viwavi. Lakini hatutaki kujibu kwa mifano mitupu. Jambo hili limekwisha kupimwa katika nchi yetu wenyewe. Katika mkoa wa Mwanza, kuanzia mwaka 1999, ilifanywa kazi iliyoitwa MEMA kwa Vijana. Zilichaguliwa jumuiya 20. Katika nusu yake watoto wa madarasa ya juu ya shule za msingi walifundishwa habari za mwili na za magonjwa, na wahudumu wa zahanati wakafundishwa kuwapokea vijana kwa upole. Baada ya miaka mitatu vijana waliulizwa maswali na kupimwa. Ilionekana kwamba waliofundishwa walijua zaidi kuliko wenzao, wala haikuonekana kwamba mafundisho yamewasukuma katika uasherati. Iwapo kufundishwa kwa miaka mitatu hakukuwapotosha, je, kuulizwa kwa saa moja kutawapotosha?

Tena haki yatulazimu kusema na nusu ya pili ya habari ile, maana ndiyo yenye uzito zaidi. Ijapokuwa vijana wale walijua zaidi, damu zao hazikuonyesha kwamba maambukizo yamepungua. Kujua kulikuwapo, kuponywa hakukuwapo. Hapo twajifunza kwamba haitoshi kumwuliza msichana, "Je, wajua ugonjwa huu huambukizwa namna gani?" Huenda anajua vizuri kuliko mwulizaji. Sharti aulizwe pia nani humpa chakula, nani humlipia nauli, na anapokataa, nini humpata. Basi dawa ya maswali machache si kuyafuta. Ni kuyaongeza, na kuyaelekeza mahali penye jeraha.

Neno la pili ni heshima. Twaipenda heshima kama wengine, wala hatutaki watoto wetu wasemeshwe maneno ya sokoni. Lakini wazee wetu hawakufikiri kwamba heshima ni kunyamaza. Zamani za mababu, kijana wa Kipare aliingia mshitu, na humo msituni aliambiwa mambo ya utu uzima na watu waliochaguliwa, mahali palipochaguliwa, kwa wakati wake. Mambo mengi ya mshitu tumeyaacha tulipompokea Kristo, wala hatusemi yarudi. Twasema hivi tu: jumba lile lilipobomolewa, ndani yake mlikuwamo chumba cha kuwaambia vijana ukweli, nasi hatujajenga kingine mahali pake. Leo kijana huambiwa na simu yake, au na kijana mwenzake asiyejua kitu, au na mtu mzima mwenye nia mbaya. Je, hiyo ndiyo heshima tunayoilinda?

Tumtazame Bwana wetu pale kisimani Samaria. Alikuwa mwanamume, tena mgeni, tena wa kabila jingine, akasema na mwanamke habari za waume zake. Wanafunzi waliporudi walistaajabu, kama wazee wetu wastaajabuvyo. Lakini mwanamke yule hakuondoka amedhalilika. Aliacha mtungi wake akaenda mjini kuwaita watu. Alisemeshwa na mtu asiyetaka kumchuma wala kumcheka, na kwa hiyo alisema kweli.

Na kwa sheria za nchi, mchunguzi wa afya hawezi kuingia kijijini kama mwizi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo hutoa kibali baada ya kuyasoma maswali. Anayeulizwa huelezwa kwanza kazi yenyewe. Aweza kukataa, aweza kuruka swali, aweza kuondoka katikati. Kwa watoto huombwa ridhaa ya mzazi. Katika habari ya kupimwa virusi vya UKIMWI, tangu mwaka 2019 sheria imemruhusu kijana wa miaka 15 kukubali mwenyewe. Basi mwenye kulinda heshima na aulize, "Kibali chako ki wapi? Nani atakaa na binti yangu mnapozungumza? Jina lake litaandikwa wapi?" Maswali hayo ni haki yake. Lakini kufunga mlango kabla ya kuuliza lolote si ulinzi, ni kukimbia.

Neno la tatu ndilo linalotusikitisha kuliko yote: kwamba Mkristo safi hana la kuulizwa. Mwenye kusema hivyo hudhani ugonjwa husoma cheti cha ubatizo kabla ya kuingia mwilini. Mke mwaminifu aliyebaki mlimani akilima na kulea huweza kuletewa ugonjwa na mume arudiye na zawadi za Krismasi. Mtoto tumboni hakutenda dhambi yoyote. Tena uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 juu ya uzazi na afya ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, wapatao 22 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Je, katika hao hakuna waimbaji wa kwaya zetu? Hakuna wanafunzi wa kipaimara? Hesabu hiyo ni ya nchi nzima, na makanisa yamo ndani ya nchi.

Katika Torati kuhani aliagizwa kutazama ngozi ya mgonjwa wa ukoma, na kutazama tena baada ya siku saba. Hakuagizwa kusema, "Katika ukoo wetu hakuna ukoma." Wazee wa zamani waliyajua haya, wakatuachia methali fupi: mficha uchi hazai. Nasi twaongeza kwamba mficha ugonjwa hauponyi, wala hauzuii usiende kwa jirani.

Tazameni tena hesabu za uchunguzi mkubwa wa UKIMWI uliofanywa Tanzania mwaka 2022 na 2023. Miongoni mwa watu wazima wenye virusi, katika kila 100, 83 hivi walikuwa wanajua hali yao. Katika waliojua, 98 hivi kwa kila 100 walikuwa wakimeza dawa. Katika waliomeza dawa, 94 hivi kwa kila 100 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Someni hesabu hizo polepole. Ajuaye hali yake hupata dawa, na apataye dawa hupata nafuu. Tena yule ambaye virusi vyake vimefubaa hata havionekani katika kipimo, hamwambukizi mwenzake katika unyumba. Pengo kubwa liko mlangoni, kwa wale 17 wasiojua. Hao hawakukosa dawa, maana dawa hutolewa bure. Walichokosa ni kujua. Na kila amfukuzaye mwulizaji na mpimaji ahesabu kwamba anawazidisha wasiojua.

Wako watakaotuletea habari za mfalme Daudi, kwamba alihesabu watu na tauni ikaja. Ndugu, katika Biblia iyo hiyo kimo kitabu kizima kiitwacho Hesabu, na Musa alihesabu kwa kuagizwa. Daudi alihesabu askari ili ajivune. Na mchungaji wa mfano wa Bwana, mwenye kondoo mia, angejuaje kwamba mmoja amepotea kama hakuwahesabu? Kondoo asiyehesabiwa hatafutwi. Hilo ndilo neno letu lote, na mengine ni maelezo yake.

Hata hivyo twajua kwamba watu wa Upare wana sababu zao za kuogopa hesabu, wala hatuwacheki. Mwaka 1945 maelfu walishuka toka milimani mpaka Same kuikataa kodi iliyoitwa mbiru, kwa kuwa ilitaka kila mtu apimwe mali yake ili atozwe kwa kadiri ya alichonacho. Na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakasimama katika shauri hilo. Walikuwa na haki ya kusimama. Hesabu ile ilikuja kuchukua. Mtu akija leo na karatasi, mjukuu wa watu wale ana haki ya kuuliza kama karatasi hii nayo imekuja kuchukua.

Kwa hiyo sasa twawageukia waulizaji wenyewe, maana nao wana lao. Iko habari ya aibu katika ulimwengu wa utabibu, ya mji wa Tuskegee, katika Alabama huko Marekani. Kuanzia mwaka 1932 madaktari wa serikali waliwafuata wanaume weusi 600 hivi, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao kwa kweli. Penisilini ilipojulikana katika miaka ya 1940 kwamba yaponya kaswende, hawakupewa. Waliendelea kutazamwa tu, mpaka mwaka 1972 magazeti yalipotoa habari hiyo, kazi ikakomeshwa. Na mwaka 1997 Rais Bill Clinton akawaomba radhi waliosalia. Wale nao waliulizwa na kupimwa. Lakini waliulizwa kama mtu atazamavyo kuni zikiungua.

Kinyume chake iko habari nyingine, nayo ni ya Mwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa ule, wahudumu wa zahanati walifundishwa kutibu vizuri kisonono, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa, na dawa zikawekwa tayari. Jumuiya sita zilipata huduma hiyo, na nyingine sita zikalinganishwa nazo. Watu waliulizwa na kupimwa mwanzo na mwisho. Katika zile zilizohudumiwa, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa karibu 40 katika 100. Kilichotumika kilikuwa kitu cha zahanati ya kijiji: mhudumu aliyefundishwa, dawa rafuni, na lugha ya upole. Basi tofauti ya Tuskegee na Mwanza haikuwa katika swali. Ilikuwa katika mkono unaofuata baada ya swali.

Tena waulizaji wajue kwamba watu hawasemi kweli kwa mtu wasiyemwamini. Katika kazi ile ya MEMA kwa Vijana wachunguzi walilinganisha njia tano za kupata habari, na wakakuta vijana waliosema hawajamjua mume wala mke, huku vipimo vikishuhudia mimba au ugonjwa. Waliozungumzishwa kwa utulivu, na kwa muda mrefu, na wale walioishi na wachunguzi kijijini, walionekana wazi zaidi. Mtu ashukaye garini saa nne, akauliza maswali mia, akaondoka saa nane, atarudi mjini na karatasi zilizojaa adabu, si kweli. Atasema, "Watu wa mahali pale ni salama," na salama hiyo itazika watu.

Na swali likiulizwa vizuri, laweza kuonyesha dawa ambayo hakuna mhubiri aliyeifikiri. Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya, yako mazoea yaitwayo jaboya, ambayo mwanamke hutakiwa kumpa mvuvi mwili wake ili auziwe samaki. Kwa miaka mingi wanawake wale walihukumiwa kwa mdomo. Lakini walipoulizwa kwa nini, walijibu kwamba mashua ni za wanaume. Basi katika ufuo wa Nduru baadhi yao wakasaidiwa kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume kuvua, na samaki wakawa wao. Shida haikwisha yote, na mafuriko ya mwaka 2020 yaliwarudisha nyuma. Lakini imekwisha kuonekana kwamba mahali pengine uasherati una mizizi katika umaskini wa mwenye ndoo tupu. Ambaye hakuuliza angeendelea kuhubiri juu ya tamaa, na mwanamke angeendelea kulia juu ya mashua.

Nasi juu ya bwawa letu husikia hukumu nyingi. Huyu asema wavuvi ni wachafu. Yule asema wachuuzi wote ni makahaba. Maneno hayo hayana kibali cha taasisi yoyote, hayakuomba ridhaa ya mtu, na hutaja majina ya watu waziwazi. Lakini hatujasikia mzee akiyazuia. Uvumi waruhusiwa kuingia kila nyumba, na swali la staha lafukuzwa. Hapo ndipo twaona kwamba anayelindwa na ukimya huu si msichana wala mchuuzi. Anayelindwa ni yule mwanamume mwenye fedha na jina ambaye, watu wakiulizwa vizuri, atatajwa kwa matendo yake hata kama hatatajwa kwa jina.

Basi twataka mambo matatu. Wazee na wachungaji waache kuwafukuza waulizaji. Badala yake wadai kibali, wadai faragha, na waseme kanisani siku ya Jumapili kwamba kujibu kweli si dhambi. Waulizaji nao wafike kambini kwa wakati wa watu, si kwa wakati wa gari. Wanawake waulizwe na wanawake. Mume asikae mlangoni mke anapojibu. Wala wasitoe swali la ugonjwa mahali wasipoleta kipimo, dawa, au mtu wa kumpeleka mgonjwa zahanati. Na hesabu zikiisha kupatikana, zirudi. Zisomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wa Lang'ata na wa kambi zote, kabla hazijasomwa mbele ya wenye viti vizuri mijini, tena kwa namna isiyoiaibisha kambi moja mbele ya nyingine. Hesabu isiyorudi ni ndugu yake mbiru.

Nanyi mtakaoulizwa, ndugu zetu wa wavu na wa ndoo, na ninyi mabinti: mkiona kibali, mkiona staha, mkiona na dawa imekuja pamoja na karatasi, jibuni kweli. Mkiona karatasi peke yake, iulizeni kwanza dawa iko wapi. Na akitokea mzee wa kuwakataza kujibu, mwulizeni kwa adabu kama yeye mwenyewe atawaletea dawa. Kama hana, na asogee mlangoni.